Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kima punju na anachokipenda

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Katika mkutano mkuu uliopita tuliacha kubishana juu ya kima punju, yule kima mwekundu wa hapa Unguja, tukakubaliana jambo moja: tukae chini ya miti, tuangalie anakula nini na anaacha nini. Naleta tuliyoyaona, na pale tulipoteleza.

Naanza na makaa. Wengi wetu tumekua tukiwaona kima wa mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani wakishuka kwenye matanuri yaliyokwisha kuchomwa, tukadhani wanacheza. Asubuhi moja nilimtazama jike mwenye mtoto kifuani. Alikuwa ametoka kwenye mti wa mkungu. Akachokoa jivu, akatupa vipande viwili, cha tatu akakigeuzageuza, kisha akakitafuna taratibu huku mtoto akimchungulia mdomoni. Ule haukuwa mchezo. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapa kwetu. Majani ya mkungu na mwembe yana protini nyingi, lakini yana pia fenoli, kemikali za mmea zinazoweza kumdhuru mlaji. Makaa huzinasa. Walipoyajaribu maabara makaa ya matanuri ya Unguja, yalizinasa vizuri. Kwa hiyo kima huyu haogopi jani chungu. Anajua cha kulifuatishia.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, nami nimezaliwa na miembe. Kima wa kawaida, yule mwenye mifuko mashavuni, hulifuata embe lililoiva. Punju, kwenye mwembe huohuo, hulipita akaenda kwenye majani machanga na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba, na vijidudu vilivyomo ndivyo vinavyomchachulia majani. Sukari nyingi ikiingia humo huchacha upesi, asidi ikazidi, mnyama akaumwa. Basi mgeni anayemnyooshea ndizi mbivu anadhani anamkirimu, kumbe anamtakia maradhi. Nawaomba wenzetu wanaotembeza wageni walisimamie hili bila haya. Hatulishi kima. Anayekasirika na akasirike.

Kuhusu nazi zinazoliwa na kima, najua wapo wenye kinyongo, na sikipuuzi. Mnazi ndio ada ya shule ya watoto wetu. Lakini tuseme tulichokiona. Anachokipenda punju ni kidaka, ile nazi changa kabisa. Dafu na koroma hazimo katika hamu yake. Na mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijafika kitale. Kirstin Siex na Struhsaker waliupima ugomvi huu mwaka 1999 wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakupungua, bali yaliongezeka. Walidhani ni kama mtu anayepunguza matunda ili yaliyobaki yanenepe. Mwenye shamba anayetilia shaka ahesabu vidaka na nazi za minazi yake mwenyewe mwaka mzima, nami nitakwenda kuhesabu naye.

Sasa kosa letu, na lawama ni yangu. Daftari za miezi ya mwanzo zimeandikwa "amekula mwembe", basi. Amekula jani changa au kongwe? Kikonyo au ua? Hatujui, na kurasa hizo hazitusaidii kitu, maana katika mti mmoja kima huyu hupenda kimoja akachukia kingine. Nilipaswa kuwaelekeza kabla hamjaanza kuandika.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naongeza tu kwamba hesabu ya kima iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wote duniani wapo Zanzibar tu. Barabarani bado wanagongwa, ingawa matuta yapo. Tupunguze mwendo, hata sisi wa bodaboda.

Daftari mpya zipo kwa katibu. Zina safu ya sehemu ya mti iliyoliwa, na safu ya pili ya kile alichokinusa akakitupa. Msiiache hiyo ya pili wazi.

Mwenyekiti