YAH: KUFUNGA SHULE NA WATOTO WA KITENGO MAALUMU WAKATI WA LIKIZO

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana na ripoti atazigawa mwalimu wa darasa. Suala la madawati tutalizungumza kwenye kikao. Barua hii nawaandikia hasa wazazi wa kitengo, wenye watoto wenye usonji na ulemavu wa akili.

Muhula huu mwanafunzi mmoja (mama yake ameniruhusu kusema) alikuwa akijipiga kichwani kila akipewa daftari la kuandika. Wapo waliosema jeuri, wapo waliosema majini. Mwalimu wake akawa anaandika mambo matatu: nini kimetangulia, mtoto kafanya nini, kapata nini baada ya hapo. Jibu likajitokeza: akijipiga, kazi inaondolewa. Akafundishwa kugusa kadi yenye picha ya mkeka, yaani anaomba kupumzika, na akiigusa anapumzishwa papo hapo. Kazi nayo ikapunguzwa hadi mistari miwili. Siku hizi anagusa kadi, kichwa anakiacha.

Njia hii si yetu. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa sababu za kujiumiza hutofautiana: mmoja anataka aangaliwe, mwingine anakwepa kazi, mwingine hata akiwa peke yake huendelea. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand wakaonyesha kuwa mtoto akifundishwa namna ya kuomba anachokitaka, vurugu hupungua. Kwa hiyo fimbo haina kazi hapa, na anayekwepa kazi ukimtoa nje ya darasa umemtunuku.

Mnaowapeleka kwa bibi mkoani, kadi ziingie begini, na bibi aelekezwe, dada wa kazi pia. Kama mmeamua kilio cha dukani hakileti tena juisi, jueni huenda kikapanda kwanza kabla ya kushuka. Ukimpa kikiwa juu, umemfundisha alie zaidi. Ila anayejiumiza mkingeni kwanza, na msijaribu hilo la kumnyima anachokitaka bila mwalimu. Akianza ghafla kujipiga, mpelekeni zahanati: huenda ni sikio, jino, au hajapata choo siku kadhaa. Kumfungia chumbani au kumfunga kamba hatukubali kabisa.

Daftari la mambo matatu, ambalo nanyi mtaandika nyumbani wakati wa likizo, lirudi naye siku ya kufungua shule, hata kama mmeandika kurasa chache.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu
Dar es Salaam