Mtandao unaokata salio utoe hesabu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ya kukatwa salio la simu, kwa maelezo kwamba simu imetumia data, wakati ambapo simu hiyo ilikuwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani iliyokwisha kulipiwa mwezi mzima.

Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma Ujiji, na nyumbani tunatumia ruta ya kampuni ileile ninayotumia laini yake kupiga simu. Jioni moja nilikuwa nimekaa sebuleni, alama ya waifai inaonekana juu ya kioo, ukaingia ujumbe kwamba salio langu halitoshi, ilhali vocha niliyoiweka kwa ajili ya kuwapigia ndugu zangu Kasulu sikuwa nimeigusa. Nilipopiga huduma kwa wateja, kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu: “Mama, mfumo unaonyesha umetumia data.” Nikamuuliza ni saa ngapi, na ni MB ngapi. Akasema hilo yeye halioni, kisha akanishauri ninunue bando ili salio lisiliwe tena. Yaani dawa ya kukatwa fedha nisizozielewa ni kutoa nyingine.

Sisemi kwamba kila makato ya namna hii ni wizi. Simu za siku hizi zimetengenezwa ziweze kuhama zenyewe kutoka kwenye waifai kwenda kwenye data ya laini pale waifai inapolegea, na mwenye simu asiambiwe lolote. Kampuni ya Apple ilipotoa iOS 9, mfumo wa kuendeshea simu zake za iPhone, mwaka 2015, uwezo huo ulikuja ukiwa umeshawashwa, na mwaka huohuo wateja wa Marekani wakaifungulia kesi kwa sababu ya gharama walizodai zilitokana nao. Baadhi ya simu za Android nazo zina mpangilio unaofanana na huo. Umeme ukikatika, jambo ambalo msomaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa, ruta huzimika papo hapo lakini simu inabaki na chaji yake. Ikiwa data ya laini haikuzimwa, programu zinaendelea kupakua picha na kujisasisha kwa gharama ya salio.

Lakini kwa kuwa yote hayo yanawezekana, ndiyo maana jibu la “umetumia data” halitoshi. Ruta zetu nyingi huku si za waya. Ndani yake mna laini, na laini hiyo huchukua intaneti kwenye minara ya kampuni, kama ifanyavyo laini ya simu. Kampuni inazitofautisha laini hizo mbili kila dakika, la sivyo isingejua ni ipi ya kutoza. Kwa hiyo inayo kumbukumbu ya laini iliyotumika, muda ilipotumika na kiasi kilichopakuliwa. Tena muda huo unapaswa kuelezwa vizuri, kwa sababu makato huweza kuandikwa matumizi ya data yanapokoma na si yanapoanza, na mteja anayelinganisha saa ya makato na saa aliyokuwa nyumbani anaweza kubishana bure. Upande wangu, simu inaonyesha matumizi ya waifai kivyake na ya laini kivyake. Tukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, ubishi unakwisha. Kinachokosekana ni hesabu ya kampuni.

Sheria haiko kimya. Maelekezo ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya mwaka 2021 kuhusu vifurushi yaliwataka watoa huduma wamjulishe mteja kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapokwisha, na wasimpeleke kwenye gharama za nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Ninavyoona mimi, mtu ambaye hakununua kifurushi chochote kwenye laini ya simu, kwa kuwa ameshalipia intaneti ya nyumbani, anastahili ulinzi huohuo, na pengine zaidi, maana yeye hana hata sababu ya kusubiri taarifa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizohifadhiwa na mwingine. Kumbukumbu ya matumizi ya laini niliyoisajili kwa alama za vidole ni taarifa yangu, hata kama kompyuta inayoihifadhi si yangu.

Kwa hiyo naiomba TCRA iyaelekeze makampuni kwamba data ya nje ya kifurushi iwe imefungwa tangu mwanzo, mpaka mteja mwenyewe aifungue kwa namba fupi, na kwamba kila anayelalamikia makato apewe orodha yenye muda, kiasi na bei kabla ya kuambiwa kuwa yeye ndiye aliyetumia. Kampuni ikishindwa kuitoa orodha hiyo, irudishe salio.

Nami malalamiko yangu nimeyawasilisha kwa maandishi na kupewa kumbukumbu namba. Jibu lisiporidhisha, nitayapeleka TCRA, na nawashauri wenzangu wa Gungu, Katubuka na Ujiji wanaonung’unika vibarazani nao waandike.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma