Usipande Liemba

Kagunga, 20 Mei 2015

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika kwa simu ya jirani, naye akausoma kwa sauti, kwa hiyo kijiji kizima kinajua unataka kuja. Usije. Eti meli ya Liemba, inayowabeba wakimbizi wa Burundi, ikirudi huku haina watu, utapata nafasi. Ya kuja kufanya nini? Kama unatafuta wagonjwa, hao hao wanashushwa Kigoma na kupelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri mabasi ya kambi ya Nyarugusu. Wahudumie hapo.

Mchanga wote wa kuanikia dagaa umelaliwa na watu hadi ukingoni mwa maji, na tangu Bujumbura ichafuke wiki iliyopita wanazidi kuvuka. Nyuma mlima, mbele ziwa. Wanaoga, wanakunywa na kujisaidia mahali pamoja, maana vyoo vya kijiji havikututosha hata sisi. Kipindupindu kimeingia hivyo. Baba yako anasema wametuletea. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akisema kuchemsha maji ni kumaliza kuni. Amenyamaza, na sasa nachemsha.

Usidhani nina roho mbaya. Sebuleni amelala mama mmoja wa upande wa Nyanza-Lac na watoto wake wanne. Kirundi chake na Kiha chetu tunasikilizana, na mama mkwe wake tulivuka kwenda kumzika. Unga umepanda, lakini tunakula. Wapo hapa kijijini wanaowauzia wenzao maji na mahali pa kulala, mmoja ni wa ukoo wetu, simtaji.

Wewe ukiona mtoto anatapika utamshika kwa mikono mitupu, nakujua. Ndiyo maana nasema usije. Kila mtu hapa nimeshamwambia binti yangu ni nesi, na ada yenyewe hatujaimaliza! Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi: dagaa hawana pa kuanikwa, na wenye mitumbwi wengi sasa wanabeba abiria kuwapeleka melini, kwa kuwa Liemba inasimama mbali na ufuko. Muulize mhasibu kama atatusubiri hadi Julai. Ungemuuliza mapema nisingekuwa naandika hivi.

Mlango wa choo umeondoka usiku, bila shaka umekuwa kuni. Mbuzi nimempeleka kwa shangazi yako mlimani. Ukipata sabuni za mche na chumvi, mpe mwenye boti yule anayemjua baba yako.

Mpe mzigo tu. Usipande naye.

Mama yako