Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Watoto kwenye Karakana Zetu

Ndugu wanachama,

Habari za ada, mkopo wa kikundi na deni la umeme atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililorudi kila kikao cha kamati mwaka huu: watoto wanaofanya kazi kwenye gereji na karakana zetu hapa Dar es Salaam.

Wapo waliosema sheria haituhusu kwa kuwa tunafanyia kazi chini ya bati au kivuli cha mwarobaini. Inatuhusu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa chini ya 18 haruhusiwi kwenye kazi za hatari, hata mahali pasipo rasmi. Waliotunga walituona.

Kwenye kuchomelea tumepiga hatua. Macho ya kuwasha usiku kucha kama yametiwa mchanga sote tunayajua, na wengi mmenunua vioo vya kukinga macho. Grenda nayo haishikwi na mtoto, angalau ninapopita mimi.

Kinachoninyima raha ni betri. Betri chakavu inapasuliwa kwa shoka, asidi inamwagwa mtaroni, risasi, ile metali nzito iliyomo ndani yake, inayeyushwa kwenye sufuria, na anayechochea moto ni mtoto, kwa sababu ujira wake ni mdogo. Risasi haimchomi papo hapo, ndiyo maana tunaizoea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo na figo. Vumbi lililoganda kwenye shati linamfuata hadi nyumbani, kwa mdogo wake anayetambaa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa kuishi tu jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za huko. Wengi wao hawakuwahi kushika betri.

Hoja ya wanaopinga siidharau: mtoto akifukuzwa hapa, kesho utamkuta dampo la Pugu. Ada za shule ziliondolewa 2016, lakini daftari, sare na chakula bado vinanunuliwa. Ndiyo maana hatukuagiza wafukuzwe. Wenye umri wa shule warudishwe kupitia serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii. Waliotimiza miaka 14 wajifunze kazi nyepesi, kwa mkataba wenye sahihi ya mzazi. Mikataba iliyoletwa hadi leo ni michache mno, na baadhi ya wasioleta wako mstari wa mbele hapa.

Kamati inaleta pendekezo moja: atakayepasua betri au kuyeyusha risasi karakanani asimamishwe uanachama, na betri ziuzwe nzima kwa wanunuzi wenye kibali. Faida itapungua, hilo halina ubishi. Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mweka Hazina, na mwenye deni la ada hatapiga.