Muageni Mtoto, Msimtoroke: Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Watoto Wanaoanza Chekechea

Wanangu,

Katika miaka niliyofundisha chekechea, nilizoea kilio cha asubuhi, lakini sikuzoea kamwe kumwona mzazi akinyata kuelekea mlangoni wakati mtoto ameinamia vitu vya kuchezea. Mzazi huyo hudhani ameepusha machozi, kumbe ameyaahirisha tu. Mtoto akiinua macho na kukuta mama hayupo, hujifunza kwamba mtu anaweza kutoweka wakati wowote, na tangu siku hiyo humganda mzazi hata nyumbani.

Kwa hiyo muageni, hata kama atalia. Kuaga kuwe kufupi, kwa namna ileile kila siku, na kuambatane na ahadi anayoielewa. Mtoto wa miaka 4 hasomi saa, ila anajua mambo yanavyofuatana: mwambieni kwamba watacheza, watakula, wataimba, kisha mtamfuata. Halafu mfike kwa wakati, kwa maana kuchelewa ambako kwenu ni jambo dogo, kwake ni ahadi iliyovunjwa. Mkishaaga, ondokeni, mzazi anayerudi kuchungulia dirishani humfanya mtoto aamini kwamba mahali hapo pana la kuogopwa.

Hofu ya kutengana na mzazi huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, nayo kwa wengi hupungua wakikaribia miaka 3, lakini huweza kurudi mtoto anapoingia mahali pageni. Msimwite mwoga, wala msimtishe kwa kumwambia kwamba mwalimu atamchapa, kwani mnamtaka amkimbilie mtu huyohuyo anapopata shida.

Majuma machache kabla ya kuanza, mwacheni mara kwa mara kwa shangazi au bibi, kwa muda mfupi, ili aone kwamba anayeondoka hurudi. Mpelekeni alione darasa na amjue mwalimu kwa jina. Zaidi ya yote, mwonyesheni choo kilipo na mfundisheni maneno ya kuomba kwenda, kwa sababu watoto wengi wanaosemekana kuichukia shule huogopa tu kujikojolea mbele ya wenzao. Afanye pia mazoezi ya kuvaa viatu na kufungua chombo chake cha chakula. Usiku alale mapema. Mtoto wa umri huu huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana.

Msishangae akienda kwa furaha juma la kwanza, kisha akalia la pili, wala akiwa mtulivu darasani na mkorofi nyumbani, kwani amechoka kujizuia. Kabla ya kuamua kwamba hajawa tayari, mwulizeni mwalimu hali ikoje mkishaondoka, maana wengi hunyamaza baada ya dakika chache. Akiendelea kukataa kula au kulala kwa majuma kadhaa, kaeni na mwalimu mlitafute chanzo, na mtoto mwenyewe asikilizwe.

Mwalimu wenu mstaafu