Heri ya Mashahidi wa Uganda, vijana wa kanda ya ziwa

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa! Heri ya sikukuu leo tarehe 3 Juni, na salamu za pekee ziwafikie akina Karoli na akina Kizito wote wa Mwanza, leo ni siku ya somo wenu, mtununulie soda.

Juni ya huku mnaijua, mvua zimekata, vumbi limeanza, vijijini watu wako kwenye pamba, shule zinafungwa, vijana wanarudi nyumbani. Na ndo wazee wanaanza kuulizana mbona hawa watoto hatuwaoni kanisani.

Mi nina jibu langu, ila nianzie mbali kidogo. Tukiwakumbuka mashahidi tunakimbilia kwenye moto wa Namugongo tu, kule Uganda walikochomwa, ile miaka ya nyuma yake tunairuka, na sehemu yake iko hapahapa kwetu. Mwaka 1879 wamisionari wa kwanza Wakatoliki waliokwenda Buganda walitokea Kageye, huku kusini mwa ziwa, wakavuka kwa mtumbwi. Novemba 1882 hali ikawa mbaya kule wakaondoka, wakaja kukaa Bukumbi, hii Bukumbi yetu unayoifikia kwa daladala, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Sasa fikiria, karibu miaka mitatu Buganda hakuna padri, hakuna Misa, hakuna wa kuungamisha, na dini haikufa. Watu walikuwa wanafundishana wenyewe kwa wenyewe, akina Yosefu Mukasa mlemle ndani ya ikulu ya kabaka, na mapadri waliporudi wakakuta wanaotaka ubatizo ni wengi kuliko walivyowaacha.

Halafu huyu Karoli Lwanga mwenyewe. Kabatizwa 15 Novemba 1885, siku ileile Mukasa aliyouawa, akapokea ulezi wa vijana wa ikulu, na 3 Juni 1886 naye akachomwa moto. Ukristo wa miezi sita na nusu! Na siku chache kabla ya kufa aliwabatiza wenzake, Kizito wa miaka kama 14 akiwemo. Huyo angekuja kwenye halmashauri yetu ya walei angeulizwa kwanza cheti cha kipaimara kiko wapi.

Maana sisi kijana tunampa nini? Kupanga viti, kubeba spika, kuelekeza magari siku ya askofu, na mchango ukipungua tunamwambia aimbe tumtunze. Uamuzi hatumpi hata mmoja, kisha tunashangaa haji.

Kuna kigango kimoja cha mwaloni huku ziwani, mkutano wa vijana ulikuwa kila Jumapili mchana na anayekuja ni katibu na wadogo zake, wavuvi wa dagaa wametoka ziwani alfajiri wamelala, tukawa tunawaita walevi na wavivu wa sala. Vijana wenyewe ndo wakasema jamani tufuate mwezi, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, watu wanapumzika, basi tukutane siku hizo. Wakaja, na kambi nyingine wakaja. Na maswali yao si yale ya kwenye vitabu vyetu, wanauliza kuhusu mikeka ya kubeti, kuhusu tajiri anayewadhulumu mgao, kuhusu binti uliyempa mimba kambini na wewe umeshahamia kisiwa kingine. Mlezi ukiwa mwepesi wa kufoka hapo huwezi, kaa usikilize, lisilo lako mpelekee padri, na usiwaambie wazazi wao ulichoambiwa kwa siri.

Papa Fransisko kwenye waraka wake kwa vijana wa 2019 alishasema vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana. Tunausoma semina, tukitoka nje tunawagawia mafagio.

Wenzetu mlioko Namugongo leo, mliopita mpakani Mutukula mkalala kwenye mabasi, mtuombee, na maji ya baraka msiyamalizie njiani. Tuliobaki tunakutana baada ya Misa ya pili, TYCS (wanafunzi Wakatoliki) mlio likizo, VIWAWA (vijana wafanyakazi Wakatoliki), bodaboda, hata wewe uliyeacha kuja tangu kipaimara, chai ipo na mihogo ipo. Mada mtachagua nyinyi, mi nakuja kukaa nyuma.