Kwa Ilunga, kuhusu ile skrini

Katuba, Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu Ilunga,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Huku tuko wazima. Mama Georgette anakusalimu, na bado anaulizia sufuria yake. Najua, tangu Pasaka sijakuandikia, na leo nakuja na shida. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Ile laptop uliyoniwekea Linux Mint, mtoto wa Kasongo ameikalia. Nusu ya skrini ni giza, na wanafunzi watatu wananisubiri niwachapie TFC, kazi zao za kumaliza masomo. Nikanunua skrini ya mtumba, nikaichomeka. Iliwaka, lakini kwa nukta 1024x768 tu: herufi zimenenepa kama zimelala kwenye bukari, ugali wetu, na duara limekuwa yai. Kuangalia kable, pini ya 12 imevunjika. Hiyo ndiyo inayopitisha habari za skrini, kwa hiyo kompyuta haijui inaongea na nani, inabahatisha.

Nikakumbuka ulichonifundisha: naandika amri cvt 1920 1080 60 (nukta za upana, za urefu, na mara ngapi picha inachorwa kwa sekunde), mstari unaotoka naupeleka kwa xrandr, amri ya kupanga skrini: --newmode, kisha --addmode VGA-1, ndiyo skrini ya nje, kisha --output. Kwa kibodi yangu ya AZERTY kistari kiko kwenye 6, kile cha chini kwenye 8. Nilikosea mara ngapi, sisemi. Picha ikanyooka! Nikazima skrini ya ndani, inayoitwa LVDS-1, kwa --off, nikajiona fundi. Tamaa ikanishika, nikajaribu 75 badala ya 60. Skrini ya nje ikagoma, ikaandika kwamba hiyo imepita uwezo wake, ikazima. Ya ndani nimeshaizima mwenyewe. Nikabaki gizani na kahawa mkononi.

Kilichoniokoa ni kwamba xrandr haikumbuki kitu. Niliwasha upya, yai likarudi. Lakini umeme huku unakatika, betri imekufa siku nyingi, na kila ukirudi naanza upya kuandika mistari yote. Kasongo anasema niiweke kwenye faili la .xprofile, isomwe kila ninapoingia. Sawa, ila nikikosea humo, giza litakuwa linanisubiri kila asubuhi, na wewe uko Likasi.

Huyo Kasongo naye, mtoto wake kavunja, yeye analeta ushauri...

Sasa niambie. Mistari nimeinakili nyuma ya karatasi hii, utaisoma kabla sijaihifadhi? Nikiiacha LVDS-1 ikiwaka, hata hivyo imepasuka, si nitakuwa na pa kuchungulia mambo yakiharibika? Na kable nzima ya VGA, pini zote, haipo kwenye lile sanduku lako la nyaya? Maana nikiipata, haya yote si yanaisha? Unaweza kumpa dereva wa basi la Jumatano? Na sufuria, je?

Ni mimi,
Mwamba